Mto Malaba na Rejista za Italia: Historia ya Uraia wa Damu

Uraia wa damu, yaani uraia ambao mtu huupata kwa sababu ya mzazi au babu yake na wala si kwa sababu ya mahali alipozaliwa, hauwezi kutekelezwa bila tarehe, kwa kuwa ukoo wowote ukifuatwa nyuma hufika katika kizazi ambacho dola inayodaiwa ilikuwa haijakuwapo. Italia ilijikuta na tarehe ya 17 Machi 1861, siku ufalme wake ulipotangazwa mjini Torino, na yeyote aliyedai Uitalia kupitia babu wa mababu alipaswa kuonyesha kwamba mzee huyo alikuwa bado hai siku hiyo. Uganda nayo iliandika katika Katiba yake ya 1995 tarehe ya 1 Februari 1926, ambayo kwa msomaji wa Kampala inaweza kuonekana kuwa ya kubahatisha, lakini katika gombolola ya Buteba, eneo la utawala lililo ndani ya wilaya ya Busia iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997, ni tarehe inayoonekana kwa macho, maana chimbuko lake ni mpaka wa Kenya ulio jirani.

Kuziweka tarehe hizi mbili pamoja kuna faida, kwa sababu mjadala wa uraia wa Italia umezoeleka kuwa wa wageni wanaovutwa na maisha ya nchi ile, wale wa Buenos Aires, São Paulo na New York wanaotafuta pasipoti ya bibi yao, na ni nadra kuhusishwa na watu wa mpakani Afrika Mashariki, ambao swali lao ni lile lile ingawa nyaraka zao ni chache zaidi.

Sababu iliyoifanya Italia ishike damu kuliko ardhi ilikuwa uhamaji. Kati ya 1876 na 1915 watu wapatao milioni 14 waliondoka nchini humo, na wengi wao walielekea Argentina, Brazil na Marekani, nchi ambazo zilimhesabu kila aliyezaliwa ndani ya mipaka yao kuwa raia wao. Serikali ya Roma, ambayo haikutaka kuwapoteza watoto wa watu hao, ilipitisha Sheria Namba 555 ya tarehe 13 Juni 1912, iliyomruhusu mtoto aliyezaliwa ng'ambo kubaki Mwitalia hata kama nchi ya kuzaliwa kwake ilikwisha kumfanya raia. Mzazi aliyeapa kwa hiari kuwa raia wa nchi nyingine aliupoteza Uitalia wake, lakini alichokuwa amekwisha kukirithisha hakikufutika kirahisi, na ndiyo maana hadi 2025 tarehe ya kiapo cha babu aliyekwenda Chicago ilitafutwa kwa bidii sawa na tarehe ya kuzaliwa kwake. Wanawake waliachwa nje ya mpango huo kwa muda mrefu: mama aliweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1948, siku Katiba ya jamhuri ilipoanza kutumika, na wajukuu wa mabibi waliojifungua kabla ya hapo wamelazimika kupeleka madai yao mahakamani.

Kitu chenyewe kinachotafutwa ni ukurasa mmoja wa kitabu. Kila comune, ambalo ni jina la serikali ya mji au kijiji nchini Italia, hutunza rejista za uzazi, ndoa na vifo, ambazo katika sehemu kubwa ya nchi zilianza 1866, na kwa miaka ya nyuma zaidi mtafutaji hurudi kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia. Katika ukurasa huo karani ameandika kwa mkono, kwa wino uliokwisha kugeuka kahawia, saa ya kuzaliwa, jina na kazi ya baba, nyumba ambamo mtoto alizaliwa, na majina ya mashahidi wawili. Ikiwa mtoto aliyeandikwa hapo Giuseppe alizikwa ng'ambo kwa jina la Joseph, mjukuu hana budi kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Wengi wanaofika kijijini kwa ajili ya karatasi hiyo huchagua siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi, ambapo sanamu hubebwa mabegani kuzunguka mitaa na jamaa wasiofahamiana hukaa meza moja, na haitakuwa haki kuwabeza, kwa kuwa hamu ya kuona mahali jina la ukoo lilipotoka si jambo la kuonewa aibu. Linaloweza kuhojiwa ni mizani ya sheria yenyewe: mjukuu huyo hakuwahi kuulizwa kama anajua Kiitaliano, ilhali mhamiaji kutoka nchi isiyo ya Umoja wa Ulaya, hata akiwa Mkenya au Mganda anayewahudumia wazee wa Milano, husubiri miaka kumi ya ukaazi halali na tangu 2018 hutakiwa pia kuonyesha cheti cha lugha. Mtoto wake aliyezaliwa Italia hungoja hadi atimize miaka 18 ndipo aweze kutoa tamko la kutaka uraia.

Upande wa Afrika Mashariki historia ilikwenda kinyume, kwa kuwa hapa watu walikaa mahali pao na mistari ndiyo iliyohama. Wateso, ambao katika karne ya 19 walisogea kusini kutoka nyanda za Teso hadi maeneo ya Tororo na magharibi ya Kenya ya leo, walikuwa wamekwisha kulima pande zote za Mto Malaba, wakiwa majirani wa Wasamia, Wagwe na Jopadhola, wakati Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Uganda mwaka 1894. Himaya hiyo ilipopanuliwa kuelekea mashariki ilifika hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, kwa hiyo Mteso wa Amukura, upande wa Kenya ya leo, na Mteso wa Buteba walihesabiwa chini ya utawala mmoja. Hali hiyo ilibadilika tarehe 1 Aprili 1902, wakati Jimbo la Mashariki la Uganda lilipohamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na sababu kubwa ilikuwa reli: njia ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na London iliona ni usumbufu kuiendesha chini ya serikali mbili. Wakazi hawakuulizwa, na hakuna aliyehama nyumba. Walilala Uganda na wakaamka katika himaya nyingine.

Mpaka huo ulipewa maelezo yake ya kisheria kwa amri ya Mfalme wa Uingereza iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 1926, amri ambayo pia iliiondolea Uganda eneo la Turkana lililo magharibi ya Ziwa Turkana. Maelezo hayo yanaanza katika maji ya Ziwa Victoria, yanaingia nchi kavu kwenye mlango wa Mto Sio, na yakishaupita mji wa Busia yanaufuata Mto Malaba na Mto Lwakhakha kuelekea Mlima Elgon. Mto ni alama nzuri kwa mchora ramani kwa sababu haung'oki kama jiwe, lakini kwa mkulima ni mahali pa kunyweshea ng'ombe, na wakati wa kiangazi sehemu nyingi zake huvukwa kwa miguu. Ukoo, ambao kwa Kiteso huitwa ateker, haukugawanyika kwa amri ile. Binti wa upande mmoja aliendelea kuolewa upande wa pili, na wakwe waliendelea kukizunguka chungu kimoja cha ajon, pombe ya ulezi inayotiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu, kila mmoja akivuta kutoka kiti chake.

Kwa miongo kadhaa mstari huo ulikuwa na maana zaidi kwa mtoza kodi kuliko kwa msafiri, ingawa Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, hati ya usajili iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni, na hivyo tofauti ya kiutawala ilionekana juu ya mwili wa mtu. Uhuru wa Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na wa Kenya tarehe 12 Desemba 1963 ndio ulioyafanya makazi ya pande mbili kuwa nchi mbili za kigeni. Nchi zote mbili zilimkubali moja kwa moja aliyezaliwa ndani yake ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, na wengine walipewa muda wa kujiandikisha. Jambo lililoonekana dogo katika vitabu vya sheria lilikuja kuwa zito mwaka 1970, wakati serikali ya Milton Obote ilipowafukuza wafanyakazi wa kigeni wapatao 30,000, wengi wao Wakenya, waliorudi kwa kupitia vituo vya Busia na Malaba.

Miaka miwili baadaye Idi Amin, aliyemfuata Obote madarakani, aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na wale waliokuwa wakielekea India walisafirishwa kwa treni kupitia Tororo hadi bandari ya Mombasa. Maafisa walizikataa hati za uraia wa Uganda za wengi kwa kisa kwamba hawakuukana uraia wa Uingereza kwa wakati, na watu hao wakabaki bila nchi. Umoja wa Mataifa uliwapeleka baadhi yao katika kambi za muda barani Ulaya, na Italia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowapokea. Hivyo nchi iliyokuwa ikiwahifadhia uraia vitukuu wasiowahi kuiona ikawapa hifadhi watu walionyang'anywa uraia kwa kosa la karatasi. Amin mwenyewe, Februari 1976, alidai sehemu za magharibi ya Kenya kwa hoja ya ramani ya kabla ya 1902, dai ambalo Nairobi ililijibu kwa kufunga njia ya mizigo mpaka likaachwa.

Wakati wakubwa wakibishana, watu wa mpakani walikuwa na biashara yao. Kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya mjini Busia palikuwa na kipande cha barabara ambacho gari lisilo na hati halikuruhusiwa kukipita, na abiria aliyeshushwa upande mmoja akiwa na gunia au mtoto mgongoni alilazimika kukitembea kwa miguu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliweka mto wa sifongo juu ya kibebeo cha nyuma na kuwaita abiria kwa sauti, boda, boda, yaani kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na mwito huo ndio uliozaa jina ambalo leo hutumika kwa pikipiki za abiria katika miji isiyo na mpaka wowote karibu. Baiskeli hizo hizo zilibeba pia magendo, bidhaa zisizolipiwa ushuru, na hasa kahawa ya Uganda wakati bei yake ilipopanda mno katikati ya miaka ya 1970, zikipita njia za panya ambazo kila mkazi alizijua na hakuna ramani iliyozionyesha.

Katiba ya Uganda ya 1995 ilipojaribu kusema nani ni raia wa kuzaliwa, haikuanza na mtu wala na cheti, ilianza na jamii. Raia wa kuzaliwa ni aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi au wa mababu na mabibi zake ni au alikuwa wa jamii ya asili iliyokuwapo na kuishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika jedwali lililokuwa na majina 56, ambayo marekebisho ya 2005 yaliyafikisha 65. Wateso, Wasamia na Wagwe wamo. Kifungu hiki kina ukarimu na ugumu kwa wakati mmoja, kwa sababu hakimdai mtu wa Buteba athibitishe babu yake alilala ng'ambo ipi ya mto mwaka 1926, ilhali mtu ambaye ukoo wake umeishi Tororo kwa vizazi vitatu, lakini kabila lake halimo katika jedwali, hana budi kutafuta mlango mwingine. Kisomwapo kwa makini, kinamwacha pia Mteso wa Amukura mahali pa ajabu, kwani jamii yake imo katika orodha ya Uganda ingawa yeye amezaliwa Kenya.

Uraia pacha, yaani uhalali wa kuwa raia wa nchi mbili, ulipunguza sehemu ya tatizo hilo. Italia iliuruhusu kwa Sheria Namba 91 ya 1992, Uganda kwa marekebisho ya 2005 na sheria ya utekelezaji ya 2009, na Kenya kwa Katiba yake ya 2010. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wakaanza mwaka 2014 kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, na tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.

Italia kwa upande wake imebana. Amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2025, iliyogeuzwa kuwa Sheria Namba 74 mwezi Mei mwaka huo, iliuondoa uraia wa vizazi visivyo na kikomo, na kwa kawaida aliyezaliwa ng'ambo akiwa na uraia mwingine sasa anatakiwa awe na mzazi, babu au bibi ambaye ana, au alikuwa nao hadi kufa kwake, uraia wa Italia peke yake. Kura ya maoni ya Juni 2025, iliyotaka kupunguza miaka kumi ya ukaazi ya wahamiaji iwe mitano, ilishindwa kwa sababu ni takriban asilimia 30 tu ya wapiga kura waliojitokeza. Kwa hiyo Roma imesimama kwenye kizazi cha babu na bibi, kile kile kilichotajwa na Kampala miaka 30 mapema, isipokuwa karani wa comune anamuuliza mwombaji ukurasa wa rejista, na msajili wa Uganda anamuuliza kabila na ukoo, na jina la ukoo analojibiwa Buteba ndilo hilo hilo ambalo lingetajwa ng'ambo ya Malaba.