Nusu ya Pili: Akiba ya Uzeeni Kati ya Embu na Meru

Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, ambayo kila mtu anaiita NSSF, mwaka 1965, na makato yakaanza mwaka uliofuata. Kwetu Runyenjes hazina hiyo iliingia nyumbani kupitia mfuko wa shati la baba. Baba alikuwa fundi wa zege kwenye mabwawa ya Mto Tana, kule chini Mbeere kwenye joto na mbu. Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968 alirudi nyumbani. Kamburu lilipoanza kuchimbwa akaitwa tena, likazindua umeme wake mwaka 1974. Kisha Gitaru, 1978. Kati ya bwawa na bwawa alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani wote, na kadi yake ya NSSF ililala kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ubatizo.

Miezi hiyo ya kulala ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu historia ya akiba ya uzeeni katika Embu na Meru ni historia ya miezi iliyokosa makato, na ya maarifa ambayo watu walitumia kuiziba.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri akaongeza kiasi kicho hicho. Kwa miaka mingi makato hayakuruhusiwa kuvuka shilingi 80 kwa kila upande, hata kama mshahara ni wa meneja. Mfanyakazi aliyekatwa shilingi 80 kila mwezi kwa miaka 20, bila kukosa hata mmoja, aliwekewa shilingi 38,400 kabla ya riba, na nusu ya fedha hizo hazikutoka mfukoni mwake. Akifika umri wa kustaafu alilipwa zote kwa mkupuo, basi. Haikuwa pensheni ya kila mwezi kama ya mwalimu au ya karani wa serikali pale makao makuu ya mkoa, Embu mjini.

Kwa hiyo kitabu cha NSSF kilihesabu shilingi, hakikuhesabu miaka. Jambo hili hata waliosoma hulichanganya na utaratibu wa Uingereza. Kule, tangu bima yao ya kitaifa ilipoanza mwaka 1948, kinachohesabiwa ni miaka ya michango. Chini ya sheria yao ya sasa unahitaji miaka 10 upate chochote, na 35 upate pensheni kamili. Mtu mwenye miaka mitupu anaruhusiwa kuinunua kwa michango ya hiari, kwa kawaida akirudi nyuma miaka sita. Kwa muda walifungua dirisha la kurudi hadi mwaka 2006, wakalifunga tarehe 5 Aprili 2025. Shemeji yangu, muuguzi aliyefanya kazi huko kabla ya kurudi Imenti, aliliwahi. Alilipa, miaka yake ikatimia, na sasa anapokea pauni zake akiwa nyumbani, ingawa kiwango kimeganda pale pale, maana Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambako nyongeza ya kila mwaka hulipwa.

Baba hakuwa na dirisha la namna hiyo. Mwezi uliopita bila kazi haukuwa na bei ya kuununulia, ulikuwa umepita. Alichoweza kufanya ni kupanda miche mingine ya kahawa, na ndivyo walivyofanya wengi. Wakoloni waliwaruhusu Waafrika wa Meru na Embu kulima kahawa katika miaka ya 1930, kabla ya sehemu nyingine nyingi za nchi, na kufikia wakati wa mabwawa kila mwenye ekari mbili aliiona mikahawa kama mshahara usiostaafu. Kule Igembe waliitegemea miraa, hasa ile mibaine ya zamani iliyopandwa na mababu. Mwenye shamba aliyeambiwa habari ya NSSF aliuliza kwa nini aipe serikali fedha zake zikae hadi meno yamwishe, na mti uko pale mlangoni.

Niliolewa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikapata kazi ya ukarani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao. Nilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa cha wafanyakazi wa kudumu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya uanachama, makato. Mwisho wa mwezi niliandika fomu, hundi ikatoka, ikapelekwa. Cha pili kilikuwa cha vibarua, waliokuwa wengi zaidi. Hawa walilipwa Jumamosi, na majina yao hayakufika kwenye fomu yoyote. Wapo waliopakia magogo miaka mingi, wakaachishwa kila baada ya wiki chache na kuitwa tena Jumatatu. Mmoja alinijia akitaka kujua amewekewa kiasi gani. Nilimwambia, "Mzee, wewe huko kwenye kitabu kile." Akasema, "Mama karani, lakini jasho langu si liko kwenye mbao zile zile?"

Viwanda vidogo vilikuwa na njia fupi zaidi. Mwajiri mwenye watu wasiofika watano hakulazimika kuwasajili kama wengine, na uchochoro huo haukuzibwa hadi mwaka 2009. Kwa hiyo duka, hoteli, gereji na posho mill za Nkubu, Maua, Chuka na Siakago ziliendeshwa kwa jasho la watu ambao NSSF haikuwajua kabisa.

Kisha mashamba nayo yakaingia mapengo. Mwezi wa Julai 1989 mfumo wa migao ya kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka, na wazee waliotegemea malipo ya chama cha ushirika wakaanza kung'oa mikahawa usiku, kwa sababu sheria ilikataza. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulifika karibu asilimia 46; zile shilingi 80 zilizokuwa na maana zamani zikawa hazitoshi kitu. Magazeti ya miaka hiyo yalijaa habari za viwanja na majengo ambayo hazina ilinunua kwa bei ghali, na watu wakazidi kuishuku. Mwaka 1999 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake. Viwanda vya mbao vilivyozunguka Mlima Kenya vikanyamaza kimoja baada ya kingine, na changu kikafungwa. Makato yalipandishwa hadi shilingi 200 kwa kila upande mwaka 2001, wakati wengi wa wanaume niliowaandika hawakuwa tena na mwajiri wa kuwakata.

Hapo ndipo mchango wa hiari ulipopata soko. Mwaka 2011 Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni ilishirikiana na shirikisho la kitaifa la mafundi wa jua kali kuanzisha mpango wa Mbao, uliomtaka fundi aweke shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Mwaka 2019 NSSF yenyewe ikaleta Haba Haba, shilingi 25 kwa siku. Fundi wa baiskeli pale Gakoromone, muuza ndizi wa soko la Embu na kijana wa boda boda wa Kianjokoma wakaweza kuwa wanachama bila kuajiriwa na mtu. Ni jambo jema, na nimewaandikisha vijana wengi wa kanisani kwetu.

Lakini karani hazimi kikokotoo kabla ya kumaliza hesabu. Shilingi 25 kila siku ni 9,125 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni 273,750 kabla ya riba. Mtu aliyeajiriwa akikatwa kiasi hicho hicho, mwajiri anaongeza kingine sawa nacho, zinakuwa 547,500. Wa hiari anaziba nusu yake tu. Nusu ya pili, ile ambayo wabunge wa mwaka 1965 waliitwika mabega ya mwajiri, hakuna anayeileta, na hakuna tangazo la redio linaloitaja.

Sheria mpya ya mwaka 2013 imeipanua tofauti hiyo. Ilikwama mahakamani kwa miaka mingi, ikaanza kutumika Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, ikaweka makato ya asilimia 6 kwa kila upande. Kilele cha mwaka wa kwanza kilikuwa shilingi 1,080. Kufikia Februari 2025 kilikuwa shilingi 4,320. Aliyeajiriwa analalamika anapoona hati ya mshahara, nami namwelewa. Ila kwa kila shilingi anayolalamikia kuna nyingine inayotoka kwa tajiri wake. Kibarua anayelipwa Jumamosi bado hana hiyo, na akifika miaka 70 atategemea shilingi 2,000 za mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, zikifika.

Ndiyo maana sipendi kusikia vijana wakiambiwa kwamba mapengo yao ni uvivu wa kuweka akiba. Baba hakuwa mvivu, bwawa lilikamilika. Wapakiaji wa magogo hawakuwa wavivu. Walikuwa kwenye kitabu kisichotumwa popote. Viwanda vya majani chai vya Githongo, Imenti, Mungania na Rukuriri hulipa wakulima bonasi kila mwaka, na vimezoea kukata mikopo na mbolea humo humo. Mchango wa uzeeni ungeweza kukatwa hapo pia, kwa hiari ya mkulima, na kiwanda kikaongeza chochote juu yake, hata kama ni robo.

Na wewe uliyeajiriwa, angalia kwenye simu yako kila mwezi kama makato yamefika. Ukiona mwezi mtupu, dai sasa, mwajiri angali na ofisi na akaunti ya benki, kwa sababu sheria inamtaka alipe pande zote mbili pamoja na faini. Akishafunga lango, kama walivyofunga wenye mbao, huo mwezi utaulipa wewe mwenyewe, na utaulipa nusu.