Hisba Nyuma ya Mlango: Nani Anamsimamia Anayeuguza Mgonjwa Nyumbani?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika soko la Kariakoo mizani ya muuza mchele ina mkaguzi. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, hukagua vipimo vya wafanyabiashara, na mnunuzi aliyepunjwa ana pa kulalamika. Lakini toka sokoni, ingia Mtaa wa Swahili au Sikukuu, panda ghorofa lililosimama palipokuwa na nyumba ya Kiswahili. Huko ndani amelala mzee aliyepigwa na kiharusi. Wanawe wako dukani tangu asubuhi, na anayemwosha, kumlisha na kumpa dawa ni binti wa kuajiriwa au mtu wa kujitolea. Huyu naye anakaguliwa na nani?

Waliotutangulia hawakuyatenga mambo haya mawili. Muhtasib aliyekagua mizani za sokoni ndiye aliyewasimamia pia matabibu. Mwaka 319 Hijria (931 Miladi), katika zama za Khalifa al-Muqtadir, mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa akamwamuru muhtasib amzuie kila tabibu kufanya kazi mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit. Wanahistoria wameeleza kuwa waliotahiniwa walizidi 860, mbali na wale ambao umahiri wao ulikuwa umekwisha kujulikana.

Asili ya jambo hili ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kuwa na elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Wema wa nia haukutajwa kuwa ni kinga. Mtu anaweza kuwa na ikhlasi na bado akamdhuru mgonjwa.

Hapa panazuka mushkili wa kifiqhi. Soko liko wazi, lakini nyumba ina hurma yake. Qur'ani imekataza kuingia nyumba za watu bila idhini (Surat An-Nur, aya ya 27) na imekataza upelelezi (Surat Al-Hujurat, aya ya 12). Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameeleza katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa muhtasib hana ruhusa ya kuchokonoa yaliyofichika. Basi usimamizi utafikaje chumbani kwa mgonjwa?

Jibu tunalikuta kwa ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 6 Hijria, katika kitabu chake Nihayat ar-Rutba. Anaeleza kuwa tabibu amwendeapo mgonjwa humuuliza hali yake, huandika alichokiona na dawa aliyoiagiza, kisha nakala huwaachia jamaa wa mgonjwa mbele ya mashahidi. Hufanya hivyo kila arudipo. Mgonjwa akipona, tabibu hulipwa ujira wake. Akifariki, jamaa huzipeleka nakala zile kwa mkuu wa matabibu. Akiona palikuwa na uzembe, huwaambia wadai diya.

Tazama hekima yake, ewe msomaji. Mlango haukuvunjwa na sitara ya mgonjwa haikufunuliwa. Karatasi ndiyo iliyotoka nje, tena mikononi mwa wenyewe.

Kwa upande wa viongozi, Ibn Asakir amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akimhudumia usiku ajuza kipofu pembezoni mwa Madina. Ikawa kila akifika hukuta kazi imekwisha fanywa. Akavizia, akamkuta mfanyaji ni Abu Bakr (r.a.), naye wakati huo ni Khalifa. Umar hakutosheka kuona kazi imefanyika. Alitaka kumjua anayeifanya. Na Abu Bakr hakuona kuwa uongozi unamwondoa katika utumishi.

Hapa Dar es Salaam, janga la UKIMWI ndilo lililofanya kuuguza majumbani kuwa huduma yenye utaratibu. WAMATA ilianzishwa mwaka 1989, na mwaka 1992 ikaanza PASADA, ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ambayo wahudumu wake wa kujitolea waliwafuata wagonjwa majumbani bila kuuliza dini. Tukiri kwa insafu kuwa jirani zetu walitutangulia katika jambo ambalo vitabu vyetu vilikuwa vimelipangia kanuni.

Kamati zetu za misikiti huzuru wagonjwa, hupeleka sukari, sabuni na unga, huomba dua na kuondoka. Hilo ni jema lenye ujira. Lakini nani anauliza kama mgonjwa aligeuzwa ubavu usiku, kama mgongo una vidonda, kama dawa ilitolewa kwa wakati wake?

Basi kila kamati na iwe na msimamizi mwanamume kwa wanaume na mwanamke kwa wanawake, wenye ujuzi wa uuguzi. Kila mgonjwa awe na daftari litakaloandikwa kila siku na kubaki kwa jamaa zake. Na imamu, kwa idhini ya wenye nyumba, aende mwenyewe akalisome, kisha amuulize mgonjwa faragha, mhudumu akiwa hayupo.

Aliyepunjwa mchele atapiga kelele sokoni. Aliyelala kitandani hana sauti ya kufika huko, na haki yake tutaulizwa sisi tulio wachunga.

Wabillahi tawfiq.