Njegere za Brno, Damu ya Pwani

Mwaka 1866 mtawa Gregor Mendel wa Brno, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria, alichapisha matokeo ya miaka minane ya kupanda njegere. Alizalishanisha za duara na zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza kikawa cha duara tupu. Kizazi cha pili kikampa mbegu 5,474 za duara na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Makunyanzi yalikuwa yamejificha tu. Wataalamu hawakumjali hadi 1900, miaka 16 baada ya kufa kwake.

Kwa binadamu, ushahidi bora wa urithi wa namna hii ulitoka kwenye damu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu zilizopinda kama mundu, alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Ilipofika 1949, James Neel huko Marekani na daktari Beet wa Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mtoto huugua selimundu, yaani ugonjwa wa chembe hizo, akirithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na pia kwa mama. Akirithi kimoja tu, ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi.

Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, katika baadhi ya jamii zaidi ya mtu 1 kati ya 5. Nyanda za juu hawakufika hata 1 kwa 100. Kinasaba kinachoua watoto kimedumuje? Jibu alilolitoa 1954 ni malaria: mbebaji huweza kuumwa, lakini malaria kali humuua kwa nadra. Penye mbu wengi, kasoro hiyo ikawa kinga. Kwangu mimi, hakuna mfano unaoieleza mirathi ya damu vizuri kuliko huu, na umetoka kwetu.

Mwanasayansi Vernon Ingram alimalizia kazi miaka michache baadaye: tofauti yote ni asidi amino moja katika himoglobini.

Hata hivyo, mitaani mtoto akiugua mama bado hulaumiwa, au jirani husingiziwa uchawi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, hata kama waliotangulia ni wazima. Mnaochumbiana, pimeni damu kabla ya kupanga mahari.