Ile ikoni ya STOO na dirisha jeusi

Wadau, mjomba wangu alikuwa na duka la spea kule Tanga, na kompyuta yake kuukuu ya Windows 98. Juu ya uso wake palikuwa na ikoni iliyoandikwa STOO. Unaibofya mara mbili, dirisha jeusi linachomoza, maandishi yanapita mbio kama daladala isiyosimama kituoni, halafu kimya. Miezi kadhaa mjomba akahesabu mali yake kwa daftari. "Mjomba, hiyo ikoni mbovu," aliniambia.

Haikuwa mbovu. Programu yenyewe ilikuwa ya DOS, zama za kuandika amri kwa mkono, na programu za zama hizo zilizaliwa zikiamini ziko peke yake: skrini yote yao, kibodi yote yao, kumbukumbu ya kilobaiti 640 yao. Mwaka 1985 IBM ilipotoa TopView, iliyoendesha programu kadhaa kwa pamoja, ilibidi kila moja iandikiwe maelezo: inahitaji kumbukumbu kiasi gani, inachora skrini kwa njia gani, ianzie folda ipi. Maelezo hayo yakawekwa kwenye faili lenye tamati .PIF. Mwaka huohuo Windows 1.0 ikayachukua. Windows 3.0 ya mwaka 1990, ikikuta chipu ya 386, ikaipa kila programu ya DOS kompyuta yake ya kuigiza.

Kwa hiyo ukibofya picha, unaita kikaratasi cha maelekezo. Kwenye Windows 3.1 kilikuwa na baiti 545 tu. Hazijazi SMS nne!

Nilipokua nikabofya kitufe cha kulia, nikafungua sifa za ile STOO, nikaondoa tiki inayoamuru dirisha lifungwe programu ikimaliza. Safari hii maandishi yakabaki: faili la mali halionekani. Kumbe folda ya kuanzia iliandikwa kimakosa. Herufi moja! Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Ila kikaratasi hicho kina upande wa pili. Windows 95 iliificha tamati ya .pif hata kwa mtu aliyeomba tamati zote zionekane. Tena, ukiweka programu kamili ndani ya faili la jina hilo, Windows iliiendesha bila kuuliza. Agosti 2003 kirusi Sobig.F kikasambaa duniani kwa barua pepe, kikibeba viambatanisho kama details.pif. Watu waliambiwa ni wazembe. Mimi nasema hapana, mtu atajihadhari vipi na kitu alichofichwa?

Windows za biti 64 haziendeshi tena programu hizo za DOS. Mjomba alinunua kompyuta mpya, tukahamisha mafaili yote, akaibofya STOO mara mbili kwa mazoea. Ikagoma. Akavuta droo, akatoa daftari.