Kabla ya bahasha hakukuwa na utabiri

Kila msimu wa Oscar tunabishana nani atabeba. Zamani hakukuwa na cha kubishania. Sherehe ya kwanza, mwaka 1929, washindi walishatangazwa miezi mitatu kabla. Baadaye magazeti yakawa yanapewa majina mapema, kwa sharti yasichapishe hadi saa tano usiku. Mwaka 1940 Los Angeles Times likayatoa jioni, wageni wakaingia ukumbini wameshasoma. Ndiyo maana tangu 1941 majina yanafungwa kwenye bahasha, na sisi tunabaki kukisia.

Lakini kukisia si bahati tu. Kumbuka 2014, dada yetu Lupita Nyong'o na 12 Years a Slave. Golden Globe, inayopigiwa kura na waandishi wa habari, alichukua Jennifer Lawrence. BAFTA ya Uingereza, yeye tena. Wengi tukakata tamaa. Kumbe chama cha waigizaji wa Marekani kilikuwa kimeshampa Lupita, na kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi ni la waigizaji. Oscar ikaja kwake.

Kwa hiyo mwakani, kabla hujabishana na binamu zako, uliza kwanza: nani anapiga kura?