Safari ya Nyama na Matunda Kuvuka Bahari

Leo tuweke jembe chini kidogo tuzungumze habari za zamani: jinsi watu walivyojifunza kusafirisha nyama, siagi na matunda kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine bila kuoza. Huenda utasema, "Bwana Shamba, habari za meli zinanihusu nini mimi, na nyanya zangu zinaharibika kabla hazijafika gulioni?" Ndiyo maana nimeichagua habari hii. Watu wale walikuwa na shida ile ile uliyo nayo wewe.

Hebu tazama. Mahindi makavu yana subira. Mnunuzi akikupa bei mbaya, unafunga ghala na kumwambia arudi siku nyingine. Nyanya hazina subira, maziwa hayana, samaki ndiyo kabisa. Mlanguzi analijua hilo. Anakuja jioni, anatazama matenga yako, anakutajia bei ya kutupa, halafu anakaa kimya. Anajua kwamba kesho mzigo ule hautakuwa na thamani hata hiyo. Kwa hiyo, ndugu yangu, mwenye uwezo wa kuongeza siku mbili au tatu katika maisha ya zao lake ameongeza pia nguvu yake ya kupatana bei. Historia ya baridi ni historia ya watu waliotafuta siku hizo.

KABLA YA MASHINE

Dawa ya kwanza ilikuwa jua, chumvi na moshi. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni yalileta Unguja na Mombasa papa mkavu wa chumvi. Dagaa wa ziwani tunaanika, nyama tunabanika. Njia hizi ni nzuri mpaka leo, ila zinabadilisha chakula chenyewe, na si kila zao linaweza kuanikwa likabaki na bei yake.

Na baridi je? Wazee wetu waliijua pia. Maji ya mtungini huwa baridi hata jua likiwa kali. Sababu ni kwamba maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo wa mtungi, yakafika nje, yakakaushwa na upepo. Yanapogeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ukumbuke mtungi huo, maana tutaurudia.

BARAFU YA BOSTON

Mwaka 1806 mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, alipakia melini barafu iliyokatwa kwenye maziwa yanayoganda wakati wa baridi, akaipeleka kisiwa cha Martinique kwenye joto. Watu walimcheka. Na kweli alipata hasara, kwa sababu kule alikokwenda hapakuwa na ghala la kuiwekea. Lakini hakuacha. Yeye na wenzake walijifunza kuifunika barafu kwa unga wa mbao na kuijengea maghala yenye kuta mbili. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilitoka Boston na karibu tani 180 za barafu. Ilivuka ikweta mara mbili, ikafika Calcutta, India, baada ya miezi minne hivi ikiwa bado na karibu tani 100.

Hapo hapakuwa na mashine hata moja. Kilichoiokoa barafu ile ni kuzuia joto lisiingie. Hilo ni somo la kwanza: kabla ya kutafuta baridi, funga mlango wa joto.

MABEHEWA YA CHICAGO

Huko huko Marekani, ng'ombe walikuwa wakisafirishwa hai kwa gari moshi kutoka Chicago kwenda miji ya mashariki. Njiani walikonda, wengine walikufa, na nauli ililipwa hata kwa pembe, kwato na utumbo. Wenye machinjio wakaona heri kuchinja Chicago na kupeleka nyama tupu. Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Nyama iliyogusana na barafu ilibadilika rangi. Nyama iliyoning'inizwa ilibembea kwenye kona hata mabehewa yakawa hatarini kupinduka.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 tajiri wa machinjio Gustavus Swift alimtumia fundi Andrew Chase, aliyebuni behewa bora. Barafu iliwekwa juu, nyama ikapangwa chini na kubanwa isicheze. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo ilishuka yenyewe, na hewa ya joto ikapanda na kutokea juu. Njiani palijengwa vituo vya kuongeza barafu. Hilo ni somo la pili: baridi haitoshi kuwepo, lazima ipate njia ya kupita katikati ya mzigo.

MELI ILIYOITWA DUNEDIN

Sasa twende New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali sana kusini. Wafugaji wa huko walikuwa na kondoo wengi kuliko walaji. Sufu ilipata soko Uingereza, lakini nyama haikuwa na mnunuzi. Kondoo wengi walichemshwa ili kupata mafuta tu, na nyama ikatupwa. Fikiri uchungu wake: umemlisha mnyama, umemchunga, kisha unamtupa, na huku kuna watu ng'ambo wanaonunua nyama kwa bei kubwa.

Wengine walikwisha kuanza kujaribu. Mwaka 1876 Mfaransa Charles Tellier alipeleka nyama kutoka Ufaransa hadi Buenos Aires kwa meli ya Le Frigorifique. Mapema mwaka 1880 meli ya Strathleven ilifika London na nyama ya Australia, kiasi cha tani 40. William Davidson na Thomas Brydone, viongozi wa kampuni moja ya mashamba New Zealand, wakaamua kujaribu pia. Walichukua meli ya matanga, Dunedin, wakaifunga mtambo wa baridi wa Bell-Coleman.

Mtambo ule ulifanyaje kazi? Ukipiga pampu ya baiskeli, pampu inapata moto. Ukiachia upepo wa tairi utoke, kidole kinahisi ubaridi. Basi ndivyo hivyo. Mtambo ulibana hewa kwa nguvu ya mvuke, ukaipoza, kisha ukaiachia itanuke, ikatoka na baridi kali. Mitambo mingi iliyokuja baadaye, hata friji ya dukani, hufuata njia ya ule mtungi wetu: maji maalum hugeuka kuwa mvuke ndani ya mabomba, na kwa kugeuka huko huchukua joto la ndani.

Mwezi Desemba 1881, nyama ikiwa imeanza kupakiwa, chuma kikubwa cha kuzungusha mtambo kilivunjika. Ilibidi nyama yote itolewe na kuuzwa pale pale. Hawakukata tamaa. Mtambo ulitengenezwa, wakaanza upya. Kondoo walichinjwa katika shamba la Totara, karibu na mji wa Oamaru. Nyama haikupelekwa bandarini ikiwa na joto la machinjioni. Ilipozwa kwanza, ikasafirishwa kwa behewa lenye barafu, na ndipo ilipogandishwa melini.

Tarehe 15 Februari 1882 Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers na karibu kondoo 5,000 waliochinjwa. Ilipofika kwenye joto la ikweta, baridi ilikuwa haienei vizuri. Kapteni John Whitson alitambaa mwenyewe ndani ya njia ya hewa ili akate matundu zaidi. Baridi ikamlemea, akawa karibu kufa. Msaidizi wake alimfunga kamba miguuni akamvuta nje. Baada ya siku 98, tarehe 24 Mei, meli ilifika London. Katika shehena yote, kondoo mmoja tu ndiye aliyekataliwa.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa. Nyama, siagi na jibini za New Zealand zilipata soko la kudumu. Mashamba makubwa yalianza kugawanywa katika miaka ya 1890, na jamaa wenye ng'ombe wachache waliweza kuishi kwa maziwa kwa kuungana katika vyama vya ushirika. Lakini tuseme kweli yote: kwa mfugaji wa Uingereza baridi ile ile ilileta mshindani mlangoni. Chombo cha kusafirisha hakina upendeleo. Humsaidia aliyejiandaa.

MATUNDA SI NYAMA

Watu walipotaka kusafirisha matunda kwa njia hiyo hiyo, walikuta shida mpya. Nyama imekufa, lakini ndizi iliyokatwa mgombani bado i hai. Inapumua, na kwa kupumua inatoa joto. Ukiifungia pasipo hewa itajichemsha yenyewe. Ukiizidishia baridi nayo itakufa, ganda litaingia weusi na haitaiva vizuri. Ndizi hutaka kiasi cha digrii 13 za Sentigredi. Nyanya ambazo hazijaiva huumia chini ya digrii 10 hivi. Kabichi na karoti hupenda baridi ya karibu na digrii sifuri. Kwa hiyo si mazao yote yanaweza kupanda gari moja.

Katika miaka ya 1920 wataalamu wawili wa Cambridge, Uingereza, Franklin Kidd na Cyril West, walichunguza jinsi matofaa yanavyopumua yakiwa ghalani na melini. Walionyesha kwamba ukipunguza joto kwa kiasi na ukipima hewa, tunda linapumua polepole na kuishi muda mrefu zaidi. Ilijulikana pia kwamba tunda bivu hutoa hewa inayowaivisha jirani zake. Mama zetu wanaofukia ndizi waliijua siri hiyo bila maabara.

LORI NA KONTENA

Bado kulikuwa na pengo moja, nalo ni barabara. Lori la barafu lilichelewa kidogo tu, mzigo ukaharibika. Kuanzia mwaka 1938 Mmarekani mweusi, Frederick McKinley Jones, fundi aliyejifunza mwenyewe kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alibuni mtambo wa baridi wa kufungwa kwenye lori, uliostahimili mitikisiko ya barabara. Mwaka 1956 Malcom McLean naye alipakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston, mzigo ukahama kutoka lori hadi meli bila kufunguliwa. Mawazo hayo mawili yalipokutana likapatikana kontena la baridi. Ndani ya makontena hayo maparachichi ya Murang'a na ya Njombe huvuka bahari kwa wiki kadhaa hadi Ulaya.

NA WEWE SHAMBANI?

Ndugu mkulima, shika neno hili moja: baridi haifufui. Zao likiingia kwenye gari la baridi likiwa limechubuka, lina joto, au limekwisha kuiva mno, mtambo hautalirudisha nyuma. Dunedin ilishinda kwa sababu kazi ilianza Totara, nyama ilipopozwa mapema. Saa zile za kwanza kwako wewe hazihitaji mtambo. Zinahitaji mkono wako.

Vuna asubuhi mapema, kabla jua halijaingia ndani ya zao. Usiliache juani hata dakika chache likisubiri gari. Liweke kwenye kivuli chenye upepo. Chambua: tunda moja bovu huambukiza tenga zima. Usishindilie matenga hadi nyanya za chini zibebe wenzao wote. Makreti ni bora, maana hewa hupita na uzito haukandamizi. Kwenye lori acha njia ya hewa. Turubai lizuie jua, lakini lisiwe blanketi. Ndizi mbivu zisisafiri pamoja na kabichi. Ukiwa sehemu yenye hewa kavu, banda lenye kuta za mkaa uliolowanishwa maji litakupa ubaridi wa mtungi. Pwani kwenye unyevu mwingi halitafanya kazi vizuri. Na chumba cha baridi kilicho kizito kwa mtu mmoja si kizito kwa chama cha ushirika.

Ukifanya hayo, mlanguzi atakapokuja jioni na kukaa kimya, wewe nawe utaweza kukaa kimya.

Kwaheri mpaka kipindi kijacho.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kati ya shamba na soko, zao lenu hukaa juani kwa muda gani, na ni nani anayeweza kuupunguza?
2. Kwa nini ndizi haziwezi kusafiri katika baridi ile ile inayofaa nyama?
3. Kikundi chenu kikipata banda moja la kivuli au la mkaa, lijengwe wapi, na litunzwe na nani?