Samaki wa Birikani

Mtu wa Tibirinzi, hapo Chake Chake, akiweka sebuleni mwake sanduku la kioo lenye maji na samaki wachache wa rangi waitwao gapi, hawakosi watakaodhani kwamba hiyo ni anasa iliyoletwa juzi na wageni. Ilhali kufuga samaki ndani ya nyumba ni desturi kongwe ya mwambao huu, na asili yake ilikuwa siha ya wenye nyumba kabla ya kuwa pambo.

Katika nyumba za mawe za Lamu, chooni palijengwa birika la maji ya kuogea na kutawadhia, nalo likatiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Na kwa kuwa maji hayakosi kupungua, mafundi wale hawakutaghafali: walipachika sakafuni mwa birika bakuli la kaure la Kichina, ili kata ikishateka hata maji yakakaribia kwisha, yabakie bakulini ya kuwahifadhi samaki mpaka birika lijazwe tena. Kwangu mimi, bakuli lile ni ushahidi adhimu wa ustaarabu wa watu wetu, kwani aliyelipachika alimfikiria kiumbe mdogo kabisa wa nyumba yake.

Ama gapi huyu wa sebuleni leo, asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani, lakini wanazuoni waliomwandika wana nasaba na pwani yetu. Wilhelm Peters wa Berlin, aliyempa mwaka 1859 jina la kitaalamu analoitwa hata leo, alikuwa amekwisha kukaa miaka kadhaa Msumbiji, na mwaka 1844 alimwandika samaki wa madimbwi ya Quelimane. Naye Albert Günther wa London, aliyempa mwaka 1866 jina jingine la kitaalamu, lililozaa neno gapi, kwa heshima ya Bwana Guppy wa Trinidad, ndiye ambaye Georg Pfeffer, mwaka 1893, alimpa jina lake samaki wa Unguja mwenye mkia mwekundu, jamaa wa yule wa Quelimane. Samaki huyu wa Unguja naye hula viluwiluwi, na mayai yake husubiri ndani ya tope kavu kiangazi kizima, hata masika yanyeshe ndipo yatotoe.

Kumfuga gapi Pemba si taabu, maana joto la kisiwa lamtosha. Maji ya mfereji yalazwe kwanza ili dawa itoke. Chakula kiwe kidogo. Na kila juma sehemu ya maji ibadilishwe. Jike huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki nne hivi, na wazazi huwala, basi majani mengi ya majini ni lazima. Ila wakizidi wasimwagwe mtoni wala bondeni wakaenea, kwani jike mmoja, hata akiwa peke yake, huweza kuzaa mara kadhaa kwa mbegu aliyoihifadhi mwilini tangu alipokutana na dume.